Pesa Yako Iko Mkononi mwa Nani Sasa Hivi?

Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya duka la kubadilisha fedha, hapa Kampala Road, alifungua fundo la leso akatoa dola mia mbili. Noti mbili, zimekunjwa mara nne. Kijana wa dirishani akazinyoosha kwa kiganja, akazipitisha chini ya taa ya zambarau, kisha akasema kwa adabu, "Mama, naomba kitambulisho."

Mama akashtuka. "Kitambulisho cha nini? Mwanangu ndiye kaniletea pesa hizi. Mimi mwizi?"

Foleni ikaanza kumsaidia, kila mtu na lake. Mzee mmoja nyuma yangu akasema serikali inataka kujua nani ana dola ili imtoze kodi. Dada mwenye mtoto mgongoni akasema hapana, Benki Kuu ndiyo inayopanga bei na ndiyo inayotaka majina. Kijana mwingine akamwambia mama asijisumbue, vijana wanaobadilisha fedha barabarani hawaulizi mtu chochote. Mama akazirudisha noti kwenye leso, akatoka. Nilimwona kupitia kioo akivuka barabara.

Nimeandika makala haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wale waliomshauri, maana hakuna hata mmoja aliyemshauri sawasawa. Nao si wa kulaumiwa. Sheria zinazosimamia biashara ya kubadilisha na kutuma fedha Uganda zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mwananchi wa kawaida anakutana nazo mara moja tu: anapodaiwa kitambulisho.

Tuanze na majina ya vitu. Kuna biashara tatu ambazo watu wengi huziita kwa jina moja, na mkanganyiko mkubwa unaanzia hapo.

Ya kwanza ni kubadilisha fedha. Unatoa dola, unapewa shilingi, mnaachana. Wengi huiita foreksi tu. Ya pili ni kutuma fedha. Unampa mtu pesa Kampala, na mwenzake anamlipa ndugu yako Nairobi, London au Juba. Ya tatu ni pesa za simu. Unaweka pesa kwa wakala, nayo inakaa kwenye namba yako mpaka utakapoitaka, iwe kesho au baada ya mwezi.

Sasa zifikirie kwa mambo ya sokoni. Kubadilisha fedha ni kama kununua samaki mwaloni: unatoa, unapokea, kila mtu na njia yake. Kutuma fedha ni kama kumkabidhi dereva wa basi kifurushi akipeleke Gulu. Kuna saa kadhaa ambazo kifurushi hakipo kwako wala kwa mpokeaji. Pesa za simu ni kama gunia la maharage uliloliacha kwenye ghala la mtu. Analo yeye, ila ni lako, na unatarajia kulikuta.

Tofauti ya hayo matatu ni muda. Pesa yako inakaa mkononi mwa mtu mwingine kwa muda gani? Sekunde, saa au wiki? Mimi naiona sheria nzima kupitia swali hilo: kadiri mtu anavyoishika pesa yako kwa muda mrefu, ndivyo sheria inavyomkaba zaidi. Ukilishika hilo, mengi yaliyobaki yanajipanga yenyewe.

Kibanda kilivyopata leseni

Wazee wetu wanalikumbuka neno "kibanda" kwa maana nyingine kabisa. Miaka ya 1970 na 1980, kibanda lilikuwa jina la soko la siri la dola. Serikali ndiyo iliyogawa fedha za kigeni kwa vibali, na ilikuwa imepanga bei ambayo ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Aliyebahatika kupata kibali alinunua dola kwa bei ya serikali, akaziuza kibandani kwa bei ya kweli, akatajirika bila kuzalisha hata kilo moja ya kahawa. Ndiyo zama za magendo, na waliotajirika hivyo watu waliwaita mafutamingi. Mkulima aliyeuza kahawa yake kwa njia halali alilipwa kwa bei ile ya karatasi. Kila aliyeweza kukwepa, alikwepa.

Mwaka 1987 serikali ilileta shilingi mpya: shilingi 100 za zamani zikawa 1, na katika ubadilishaji huo ikakatwa kodi ya asilimia 30. Walioishi siku zile hawajasahau, na hofu ya "wakijua una pesa wataichukua" ina mizizi hapo. Yule mzee wa kwenye foleni hakuwa anaropoka. Alikuwa anakumbuka.

Mwaka 1990 ndipo mambo yalipogeuka. Badala ya kuendelea kukifukuza kibanda, serikali ilikihalalisha: maduka binafsi ya kubadilisha fedha yakaruhusiwa kununua na kuuza kwa bei wanayokubaliana na wateja. Mwaka 1997 vizuizi vilivyobaki vya kuingiza na kutoa mitaji nchini vikaondolewa. Kisha ikaja Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 2004, iliyofuta ile ya zamani ya kudhibiti fedha za kigeni, na mwaka 2006 zikatoka kanuni za maduka ya kubadilisha na kutuma fedha.

Tazama kilichobadilika. Sheria ya zamani ilimbana mwenye dola. Ya sasa inambana mfanyabiashara wa dola. Wewe una ruhusa ya kuwa na dola, kuzibadilisha na kuzitumia. Mwenye kuhitaji leseni ni yule anayeifanya kazi hiyo kuwa biashara, na anayeitoa leseni hiyo ni Benki Kuu ya Uganda.

Kwa hiyo yule dada mwenye mtoto alikosea kuhusu bei. Benki Kuu haipangi bei ya dukani. Inatangaza kila siku wastani wa soko, na mara nyingine huingia sokoni kununua au kuuza dola bei inapoyumba kupita kiasi, basi. Bei mbili unazoziona dirishani, ya kununua na ya kuuza, ni za mwenye duka. Tuseme ananunua dola kwa 3,600 na kuuza kwa 3,650. Hizo 50 za katikati ndizo mshahara wa yule kijana, kodi ya chumba na faida ya mwenye duka. Ukiona duka jingine linanunua kwa 3,610, nenda huko, ni haki yako. Hata ile tabia ya kupunguza bei kwa noti ndogo, au kwa noti za dola za matoleo ya zamani, ni desturi ya wafanyabiashara kwa sababu noti hizo huwasumbua kuziuza. Usiitafute kwenye sheria.

Kinachodaiwa na kanuni ni kwamba bei ionekane kabla hujatoa pesa, leseni ibandikwe mahali unapoweza kuisoma, na upewe risiti. Ni mambo madogo. Lakini nenda mpakani Busia uone thamani yake.

Pale Busia vijana hukaa na mabunda ya shilingi za Kenya na za Uganda mapajani. Wengi ni waungwana, na hesabu wanaifanya kichwani kuliko kikokotoo. Ila nimesimama karibu nikaona inavyokuwa ukimpata asiye muungwana. Anahesabu noti mbele yako kwa sauti, haraka, akizisukuma kwa dole gumba. Katikati ya bunda kuna noti mbili zilizokunjwa nusu, kiasi kwamba kila moja inatokeza ncha mbili. Anahesabu ncha. Wewe nawe unahesabu ncha. Mnakubaliana ni 20, anafunga raba, unaondoka. Ukifika kwenye matatu na kuzinyoosha, ni 18. Ukirudi, yule aliyekuhudumia hayupo, na aliyekaa kwenye kigoda chake hakujui. Hapo hata zile sekunde chache za kubadilishana zimetosha kukupunguzia, maana hakuna risiti, hakuna jina, hakuna ukuta wenye leseni.

Watu huniambia, "Lakini polisi wanapita pale kila siku na hawawakamati, basi si halali?" La. Sheria ya 2004 haina msamaha kwa anayefanya biashara hiyo barabarani. Kutokamatwa ni jambo moja, kuruhusiwa ni jambo jingine, na siku utakapoibiwa utaijua tofauti hiyo.

Kifurushi kilicho njiani

Kutuma fedha ndiko kunakoumiza watu zaidi, na ndiko ningependa tukae kidogo.

Waganda walio nje hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Ni karo za shule, ni mabati, ni dawa za mama. Kila mojawapo ya pesa hizo hupita kwenye kipindi ambacho haiko kwa mtumaji wala kwa mpokeaji. Ndiyo maana leseni ya kutuma fedha si leseni ya kubadilisha fedha. Ni mbili tofauti. Duka linaweza kuwa na moja na lisiwe na nyingine, na ukutani zote huonekana sawa: karatasi yenye nembo ya Benki Kuu ndani ya fremu.

Binamu yangu anauza vitenge Arua. Wateja wake wengi wanatoka ng'ambo, Ariwara, upande wa Kongo. Siku moja alitaka kumlipa muuzaji wa Dubai shilingi milioni nne, akapelekwa na rafiki kwenye duka moja lenye leseni ukutani. Binamu aliiona leseni ile kwa macho yake, akatulia. Pesa hazikufika. Alipofuatilia ndipo alipogundua kwamba leseni ilikuwa ya kubadilisha fedha tu, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la duka lingine kabisa, lililokuwepo chumba kile kabla ya huyu mpangaji. Aliiona leseni, hakuisoma.

Hapa ndipo watu huuliza habari ya hawala, na kila nikiisikia inasemwa kwa kunong'ona kana kwamba ni jambo la kigaidi au la dini fulani. Hawala ni njia ya zamani ya wafanyabiashara, na ni rahisi kuielewa. Unampa mtu Kisenyi, hapa Kampala, shilingi milioni moja. Anampigia mwenzake Eastleigh, Nairobi, anamtajia kiasi na neno la siri. Ndugu yako anakwenda pale, anataja neno, analipwa. Hakuna noti iliyovuka mpaka. Wale wawili wanabaki wanadaiana, na siku mwingine atakapotuma kutoka Eastleigh kwenda Kisenyi, deni linapungua. Kinachobaki wanakimaliza kwa bidhaa au kwa pesa taslimu.

Njia hiyo inaendeshwa na uaminifu, na uaminifu huo ni wa kweli. Ni watu wanaoana na kuzikana. Katika Somalia isiyokuwa na benki ndiyo iliyowalisha watu. Dahabshiil, iliyoanzishwa huko mwaka 1970, ilikulia katika biashara ya namna hiyo, na leo inafanya kazi kwa leseni katika nchi nyingi. Kwa hiyo anayesema hawala ni uovu kwa asili yake anakosea. Lakini hapa Uganda anayepokea pesa za watu kuzituma bila leseni ya Benki Kuu anavunja sheria, awe anaaminika namna gani. Sababu ni kwamba uaminifu ule unawalinda wanaojuana. Wewe uliyeletwa na rafiki wa rafiki uko nje ya ukoo. Wakikosana, huna pa kusimama.

Gunia lililo ghalani

Pesa za simu zilianza Uganda mwaka 2009, MTN ikitangulia. Kwa miaka zaidi ya kumi hazikuwa na sheria yake yenyewe; kampuni ya simu ilishirikiana na benki, na Benki Kuu ikatoa barua ya kutopinga, kisha mwongozo wa mwaka 2013. Mamilioni ya watu waliweka pesa zao juu ya msingi huo mwembamba. Mwaka 2020 ndipo ilipopatikana Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, na kampuni za simu zikatakiwa kuitenga biashara ya pesa katika kampuni yake yenyewe.

Kipengele chake muhimu kwako ni akaunti ya amana. Unapompa wakala 50,000, noti zinabaki kwenye droo yake na floti yake, yaani salio la pesa za simu alilonalo kwa kazi hiyo, inapungua kwa kiasi kilekile kilichoongezeka kwenye simu yako. Kwa kila shilingi inayoonekana kwenye simu za wateja wote, lazima kuwe na shilingi ya kweli benki, kwenye akaunti iliyotengwa na pesa za kampuni. Kampuni haina ruhusa ya kulipia mishahara kwa pesa hiyo. Ikifilisika leo, wanaoidai hawana ruhusa ya kuigusa. Ni ghala lenye kufuli mbili.

Kwa hiyo ile hofu kwamba "wakala akikimbia pesa yangu imekwenda" haina msingi, mradi muamala ulikamilika na ujumbe ukaingia kwenye simu yako. Wakala hakushika pesa yako. Alikuuzia floti yake. Kilichomponza mwenzangu mmoja ni kumwachia wakala pesa "mtandao ukirudi uniwekee". Hapo hakukuwa na pesa za simu. Alimkopesha jirani.

Leseni nayo ina mipaka, na nasisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wazima wakilia. Leseni si dhamana. Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda hurudisha hadi shilingi milioni 10 kwa mteja benki inapofungwa, na unahusu benki, taasisi za mikopo na zile za fedha ndogo zilizoruhusiwa kupokea amana. Maduka ya kubadilisha na kutuma fedha hayamo, kwa sababu hayakuruhusiwa hata kidogo kuweka pesa za watu. Duka la foreksi likikwambia "tuachie dola zako, tutakupa faida kila mwezi", limetoka nje ya leseni yake saa ileile. Sarafu za kidijitali kama bitkoini nazo ziko nje ya uzio huu. Mwaka 2022 Benki Kuu iliziandikia kampuni za malipo kuzikataza kuzigeuza sarafu hizo kuwa pesa za simu.

Sasa kile kitambulisho

Mama alikuwa na haki ya kuuliza, na nasikitika hakujibiwa. Jibu ni kwamba kitambulisho hakikutoka kwenye sheria niliyoieleza hadi sasa. Kimetoka kwenye nyingine: Sheria ya Kupambana na Utakatishaji Fedha ya mwaka 2013. Hizi sheria mbili zinakutana kwenye dirisha lilelile, lakini makusudio yake ni tofauti. Ya kwanza inakulinda wewe dhidi ya mwenye duka. Ya pili inazuia duka lisitumiwe na mwizi wa fedha za umma, mfadhili wa vita au muuza pembe za ndovu kuosha pesa zake. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu hakuna anayewaambia kwamba ni mbili.

Kwa sheria hiyo ya pili, duka linapaswa kumjua mteja na kutunza kumbukumbu. Muamala wa pesa taslimu unaozidi shilingi milioni 20 huripotiwa kwa mamlaka ya upelelezi wa fedha, FIA. Muamala wenye kutia shaka huripotiwa hata ukiwa mdogo. Na ukivuka mpaka na zaidi ya milioni 30 mkononi, unapaswa kutamka. Kubeba si kosa, kuficha ndilo kosa. Dola mia mbili za mama zilikuwa kama laki saba na ishirini. Hakuna aliyekuwa anampeleka popote.

Na kodi? FIA si mamlaka ya mapato, na kubadilisha dola ulizoletewa na mwanao hakuleti kodi. Ile kodi ya asilimia 0.5 tunayokatwa ni ya kutoa pesa za simu. Ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1 na ikapunguzwa mwaka uleule baada ya watu kupaza sauti. Ni jambo jingine kabisa.

Turudi kwenye fedha chafu, maana kuna waliolipa gharama ya uzembe wetu katika kuzizuia. Kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024 Uganda ilikuwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopima nchi zinavyozuia fedha chafu. Nchi ikiwa humo, benki za nje huwa na mashaka na kila hundi na kila malipo yanayotoka kwake. Mfanyabiashara wa Kikuubo, lile soko la jumla la Kampala, anayemlipa muuzaji wa China anaulizwa maswali mara tatu, pesa zinachelewa, kontena linakaa bandarini. Hilo nalo ni sehemu ya jibu alilostahili mama, na kijana wa dirishani angeweza kulisema kwa sentensi mbili. Ninayalaumu maduka kwa hili. Kumwomba mtu mzima kitambulisho bila neno la maelezo ni kumwita mwizi kwa adabu.

Kabla hujatoa pesa, tazama ukuta. Soma jina kwenye leseni ulilinganishe na jina lililo juu ya mlango. Soma kama imeandikwa kubadilisha, kutuma, au kuna zote mbili. Soma mwaka, leseni hizi hutolewa kwa mwaka na huisha tarehe 31 Desemba. Ukiwa na shaka, Benki Kuu hutangaza orodha ya waliopewa leseni, na mtu mwenye simu anaweza kukusomea. Kisha dai risiti: jina la duka, tarehe, kiasi ulichotoa, bei iliyotumika, kiasi ulichopewa au kitakachofika, na jina la mpokeaji kama unatuma. Pesa zisipofika, lalamika kwanza pale dukani, kwa maandishi, kisha ipeleke karatasi hiyo Benki Kuu.

Binamu yangu alikwenda polisi na karatasi aliyopewa. Afande aliigeuza upande wa pili, akairudisha upande wa kwanza. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la shule, na juu yake kulikuwa na vitu viwili tu vilivyoandikwa kwa kalamu ya bluu: 4,000,000 na Dubai.